Michoro ya kuta za mahekalu ya Thailand na wasanii wa leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikionyesha watu picha za kuta za mahekalu ya Kibuddha ya Thailand, maswali yanayorudi ni yaleyale, na ugomvi ni uleule: hawa wasanii wa kisasa wanaihifadhi mila au wanaimaliza? Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Palipo na la kusema nimekaa sana, pengine nimepita haraka.

Tunazungumzia michoro gani hasa?

Michoro iliyopakwa kwenye kuta za ndani za majumba makuu ya hekalu, ambalo Wathai huliita wat. Majumba yenyewe ni mawili: ubosot, ambamo kijana huingizwa utawani, na wihan, ambamo waumini wote hukusanyika. Wabuddha wa Sri Lanka, Uchina, Japani na Tibet nao wana kuta zao, lakini mimi nashikilia Thailand kwa sababu moja: huko kazi ya kuchora ukuta wa hekalu haijawahi kukatika. Hadi leo ni kazi anayolipwa mtu.

Mji mkuu wa zamani, Ayutthaya, ulichomwa na jeshi la Waburma mwaka 1767, na michoro mingi ya enzi hiyo ikaenda nao. Ukitaka kuiona iliyosalimika, nenda Phetchaburi, kusini-magharibi mwa Bangkok. Wat Yai Suwannaram ina safu za miungu wadogo za karne ya 17, na Wat Ko Kaeo Suttharam ina kuta za mwaka 1734. Mingi ya mingine ni ya baada ya 1782, Bangkok ilipofanywa makao ya mfalme.

Nikiingia ndani naona vurugu ya watu na rangi. Nianzie wapi kutazama?

Vurugu hiyo ina mpangilio, na ukishaujua utaweza kuusoma ukuta hata kwenye hekalu ambalo hujawahi kulikanyaga.

Simama mbele ya sanamu ya Buddha. Ukuta ulio nyuma yake kwa kawaida unaonyesha ulimwengu wote, mbingu, dunia na jehanamu, na mlima Meru katikati, ule wa masimulizi, si wa Arusha. Sasa geuka. Ukuta ulio juu ya mlango, ule ambao sanamu inautazama siku zote, ndio ukuta wa Mara, mfalme wa vishawishi na mauti. Amekuja na jeshi lake kumtoa Buddha kwenye kiti chake usiku wa kuangaziwa, yaani alipoupata ukweli. Chini ya kiti yupo mwanamke, Thorani, mungu wa ardhi, anazikamua nywele zake ndefu kama mtu akamuaye nguo. Maji yanayotoka humo yanageuka gharika na kulisomba jeshi zima, tembo na mamba wakigaagaa.

Kuta za pembeni zina sehemu mbili. Juu ya madirisha wamepiga magoti miungu wadogo, safu juu ya safu, wote wakimwelekea Buddha. Katikati ya dirisha na dirisha kuna visa: maisha ya Buddha mwenyewe, au maisha kumi aliyoyaishi kabla ya hayo. La mwisho kati ya hayo kumi ni lile la Vessantara, mwana wa mfalme aliyetoa kila kitu sadaka, hadi wanawe.

Kisa kimoja hutengwa na kingine kwa mstari wa pembepembe kama meno ya msumeno. Hakuna vivuli. Hakuna vitu vinavyopungua ukubwa kwa kuwa viko mbali. Unatazama kama ndege aliye juu, na paa za majumba ya kifalme zimefunuliwa ili uone kinachoendelea ndani.

Nilipoingia hekalu la Kithai kwa mara ya kwanza nilikodolea macho dhahabu ya juu. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia akanionyesha kwa kidevu pembe ya chini kabisa, karibu na sakafu. Huko mtumishi wa kiume alikuwa anamshika kiuno mpishi wa kike, mlevi ametapika, na mbwa wawili wanagombea mfupa. Wafalme na miungu huchorwa kwa kanuni, nyuso zao hazionyeshi furaha wala huzuni. Watu wa kawaida hawana kanuni, na hapo fundi alijiachia. Tangu siku hiyo naanzia chini.

Ni nani waliochora? Mbona hakuna majina?

Mafundi, wengi wao watawa au watu waliowahi kuwa watawa, wakifanya kazi kwa vikundi: mkubwa anachora mistari, wanagenzi wanajaza rangi. Kuchora ukuta wa hekalu kulikuwa ni kujipatia thawabu, na thawabu haihitaji saini.

Wachache majina yao yamebaki midomoni. Wat Suwannaram ya Thonburi ina kuta mbili zinazohusishwa na mafundi wawili wa enzi ya Mfalme Rama III, Thongyu na Khongpae, na watu bado wanabishana nani alimshinda mwenzake. Kaskazini, mjini Nan, michoro ya Wat Phumin ya mwishoni mwa karne ya 19 inahusishwa na fundi wa kabila la Tai Lue aitwaye Nan Buaphan. Humo ndimo alimo yule mwanamume mwenye chale za wino mwilini, ameweka mkono begani kwa mwanamke na kumnong'oneza sikioni. Siku hizi wawili hao wako kwenye fulana, vikombe na mifuko ya Nan nzima. Mimi sihesabu fulana kuwa uhifadhi, ingawa sikatai kwamba imewaleta watu mlangoni.

Rangi na gundi walizitoa wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana vifaa vyao vingi msomaji wa Pwani anavijua kwa majina.

Kwanza ukuta. Lipu ya chokaa ikiwa mbichi ina ukali unaoua rangi, hasa kijani. Kwa hiyo mafundi walipondaponda majani ya mjohoro, wakayaloweka, na maji yake wakauoshea ukuta siku baada ya siku. Ndiyo, mjohoro huuhuu uliopandwa kando ya barabara zetu. Asili yake ni huko Asia, na Thailand majani yake machanga hupikwa mchuzi.

Watajuaje kama ukali umeisha? Kwa manjano. Wanachukua kipande cha manjano mbichi na kuuchora nacho ukuta. Alama ikigeuka nyekundu, chokaa bado kali, rudi ukaoshe. Ikibaki njano, anza kazi. Aliyewahi kumwagia mchuzi wa manjano kanzu nyeupe kisha akaikimbilia na sabuni anajua jambo hili: doa linakuwa jekundu hapohapo. Sabuni na chokaa, ukali wao ni wa namna moja.

Halafu tabaka la kwanza: udongo mweupe laini uliochujwa, ukachanganywa na gundi ya kokwa za ukwaju zilizokaangwa, zikamenywa na kuchemshwa. Likikauka husuguliwa hadi liwe laini. Rangi zilikuwa za mawe na udongo: nyekundu na hudhurungi za udongo, nyekundu kali ya zebaki iliyoletwa na Wachina, kijani cha shaba, nyeusi ya masizi. Zote zilishikizwa kwa gundi ya miti. Dhahabu ilifuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ikabandikwa kwa utomvu wa mti wa jamii ya mkuyu.

Brashi za mistari myembamba zilitengenezwa kwa manyoya ya ndani ya sikio la ng'ombe. Za kuchora majani ya miti zilikuwa gamba la mlangilangi au mzizi wa mkadi, uliopondwa ncha hadi nyuzi zikachambuka, kama mswaki wa mti. Unachovya, unadunda ukutani, na kila mdundo ni kichaka cha majani. Ukitazama karibu mti wa kwenye ukuta wa zamani utaona midundo hiyo, rangi ya kukolea chini na ya kung'aa juu yake. Wengi huiga mti huo kwa brashi ya dukani, wakachora jani moja moja, na mti unatoka kama umekatwa kwa bati.

Kama ni kazi ya makini hivyo, kwa nini inaharibika?

Kwa sababu ilipakwa juu ya ukuta mkavu. Kuna njia nyingine, maarufu Italia, ya kupaka rangi lipu ikiwa mbichi, rangi ikanyweka ndani na kuwa kitu kimoja na chokaa. Ya Thailand imekaa juu kama ngozi. Adui wa ngozi hiyo ni maji.

Majengo ya zamani ya matofali hayana kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta, yakifika usawa wa kifua yanatokea nje na kukauka, na chumvi iliyokuja nayo inabaki, inakua fuwele, inaisukuma rangi hadi inabanduka. Aliyeishi nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe au Lamu anaijua chumvi hiyo inayochanua ukutani kama unga. Na kama kwetu, aliyekuja kutibu kwa saruji aliongeza ugonjwa: saruji haipumui, maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni mchoro.

Chumvi huanzia chini. Yaani wa kwanza kuliwa ni wale watu wa pembeni ya sakafu: mpishi, mlevi, mbwa. Miungu wa juu hubaki hadi paa livuje. Ongeza kinyesi cha popo, moshi wa ubani na mishumaa, migongo ya waumini inayoegemea ukuta, na mafuriko kama yale ya 2011 yaliyoifunika Ayutthaya kwa wiki kadhaa.

Si wapake rangi upya tu?

Ndivyo walivyofanya siku zote, na hapo ndipo shida na uzima wa mila hii vinapokaa pamoja.

Ukumbi wa kuzunguka Wat Phra Kaew, hekalu la Buddha wa Zumaridi ndani ya kasri la Bangkok, una michoro 178 ya kisa cha Ramakien, namna ya Kithai ya masimulizi ya Kihindi ya mwana wa mfalme aitwaye Rama. Imechorwa upya mara kadhaa, kwa kawaida Bangkok inapoadhimisha miaka yake: 1832, 1882, 1932, 1982. Kwa Mthai hakuna aibu hapo. Hekalu linapaswa kung'aa.

Isitoshe, anayejenga hupata thawabu nyingi kuliko anayezibua mfereji wa paa. Mfadhili akija na fedha anataka jumba jipya, refu zaidi, lenye jina lake mlangoni. Mkuu wa hekalu naye anataka kumridhisha. Thailand ina mahekalu yanayozidi 40,000, na Idara ya Sanaa ya serikali haiwezi kuwa na jicho kila mahali. Kuta ngapi zimebomolewa au kupigwa rangi ya plastiki kwa nia njema kabisa!

Mhifadhi wa kitaalamu anafuata njia nyingine: anaimarisha lipu, anarudisha kipande kilichonyanyuka, na palipobanduka anatia rangi tulivu tu ili jicho lisikwame. Hachori upya uso uliopotea. Muumini anauliza, kwa haki yake, kwa nini Buddha wake aachwe bila pua.

Nani alianza kushtuka kwamba zinapotea?

Mmoja ni Mwitaliano. Corrado Feroci, mchongaji wa Florence, aliajiriwa na serikali ya Siam, jina la zamani la Thailand, mwaka 1923, akaanzisha shule ya sanaa ambayo mwaka 1943 ikawa Chuo Kikuu cha Silpakorn. Alichukua uraia na jina la Kithai, Silpa Bhirasri, na huko anaheshimiwa kama baba wa sanaa ya kisasa. Baba huyohuyo wa sanaa ya kisasa ndiye aliyewatuma wanafunzi wake wakaangalie kuta kuukuu, akaandika juu yake, akaililia serikali. Alifariki mwaka 1962.

Mwanafunzi wake Fua Haripitak alilichukua jambo hilo likawa maisha yake. Alizunguka mahekalu na karatasi zake, analala hukohuko, ananakili ukuta mstari kwa mstari, mpaka na ufa. Baadaye aliongoza uokoaji wa maktaba ya maandiko ya Wat Rakhang, jengo la mbao lililokuwa makazi ya Rama I kabla hajawa mfalme. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo ya heshima ya Asia. Nakala zake zimekuwa ushahidi pekee wa baadhi ya mistari ambayo ukutani haipo tena.

Kunakili kwake hakukuwa kwa ajili ya kupata picha tu. Mtu anayenakili mstari wa fundi wa karne ya 17 kwa mkono anajifunza ulianzia wapi, brashi iliinuliwa wapi, pumzi ilikatwa wapi.

Sasa sanaa ya kisasa inaingia wapi?

Inaingia hapo penye mkono. Watu huchanganya mambo mawili. Kuuhifadhi ukuta ni kazi ya mkemia, mwashi na mtu wa paa. Kuuhifadhi ujuzi ni kazi ya mchoraji, na mchoraji hawezi kuuhifadhi bila kupewa ukuta mpya wa kuchora. Sanaa ya kisasa haijaokoa hata kipande kimoja cha lipu ya zamani, na anayedai hivyo anajisifu bure. Ilichookoa ni mafundi.

Miaka ya 1970 Silpakorn ilianzisha idara ya sanaa ya Kithai chini ya msanii Chalood Nimsamer. Mwanafunzi wa humo alilazimika kujua kanuni za zamani, kisha akaulizwa: wewe una nini cha kusema kwa lugha hii? Baadhi ya wanaotajwa hapa chini walipita mlango huo.

Kile kisa cha hekalu la Kithai la London kilikuwaje?

Wat Buddhapadipa iko mtaa wa Calonne Road, Wimbledon, kwenye vilima vya nyumba za wenye nazo. Jumba lake la ubosot, jeupe lenye paa za Kithai, lilifunguliwa mwaka 1982. Kuanzia 1984 hadi 1992 vijana wakiongozwa na Chalermchai Kositpipat na Panya Vijinthanasarn walizichora kuta zake. Waliojiunga nao walikuwa zaidi ya ishirini, na walifanya kazi ya kujitolea.

Mpangilio ni uleule wa zamani. Lakini rangi zinawaka, miungu wanaelea katika mianga ambayo fundi wa kale hakuijua, na ukitafuta katikati ya umati utamkuta Margaret Thatcher, waziri mkuu wa nchi iliyowakaribisha. Wathai wengi walichukia mwanzoni. Walisema hii si michoro ya Kithai. Leo waliokuwa wakilalamika wanapeleka wageni kuiona.

Ni kweli kuna Superman ndani ya hekalu?

Kweli. Baada ya London, Chalermchai alirudi mkoani kwao Chiang Rai, na mwaka 1997 akaanza kulijenga upya hekalu la kijijini kwake, Wat Rong Khun, kwa fedha zake. Watalii wanaliita hekalu jeupe: lipu nyeupe tupu na vipande vya kioo vinavyometa juani. Alikataa mchango wowote unaozidi baht 10,000 kutoka kwa mtu mmoja, ili asije mfadhili akamwambia achore nini. Anayejua habari za wafadhili na mahekalu, nilizozitaja juu, ataelewa ujanja huo.

Ndani, Superman yupo, Michael Jackson yupo, na minara pacha ya New York inaungua. Wageni wanacheka, wanatoka. Wachache wanauliza: wako ukuta gani? Wako ukuta wa mlango, ule anaoutazama Buddha. Ukuta wa Mara.

Chalermchai hakuvunja mpangilio hata kidogo. Aliuliza jeshi la Mara leo linafananaje, akalichora: vita, mafuta, mashujaa wa sinema tunaowakimbilia watuokoe. Mafundi wa kale walifanya vivyo hivyo. Angalia majeshi ya Mara ya kuta za zamani, utawakuta Wazungu wenye kofia na bunduki na Waajemi wenye vilemba, wageni waliokuwa wakionekana bandarini miaka ile.

Tarehe 5 Mei 2014 tetemeko liliupiga mkoa, kuta zikapasuka, na baadhi ya michoro ikabanduka. Chalermchai alitangaza hataki tena, hatajenga upya. Haikupita muda akabadili kauli. Mafundi wa aina yake hawajui kuacha.

Lakini kuingiza mambo ya kigeni si ndiko kuchafua mila?

Ingekuwa hivyo, mila ingekuwa imeshachafuka miaka 150 iliyopita, na aliyeichafua ni mtawa. Khrua In Khong alichora wakati wa Mfalme Mongkut, aliyetawala 1851 hadi 1868. Kwenye Wat Bowonniwet na Wat Borom Niwat, Bangkok, alichora mitaa ya Kizungu, mabibi wenye magauni mapana, meli za matanga, vyote vikipungua ukubwa kadiri vinavyokwenda mbali, jambo ambalo Siam haikuwa imeliona ukutani. Ulaya hakufika, alitazama picha zilizochapwa zilizoletwa na wageni. Na hao mabibi ni mafumbo ya mafundisho ya Buddha: kundi linalotazama ua kubwa la yungiyungi ni waumini mbele ya ukweli.

Leo kuta zake ni urithi unaolindwa. Pangekuwa na mitandao wakati ule, sijui angepona vipi.

Watawa na waumini wanasemaje?

Hawasemi kitu kimoja. Mwaka 2007 Anupong Chantorn alishinda medali ya dhahabu ya maonyesho ya taifa kwa mchoro wa watawa wenye midomo ya kunguru, akilenga watawa waovu. Makundi ya Wabuddha yaliandamana kutaka anyang'anywe. Mwaka 2019 mwanafunzi mmoja wa chuo huko Nakhon Ratchasima alimchora Buddha na umbo la Ultraman, shujaa wa televisheni ya Kijapani. Alikusudia kusema Buddha ni shujaa anayeikinga dunia. Alijikuta anamwomba radhi mkuu wa watawa wa mkoa mbele ya kamera, huku wengine wakimpeleka polisi.

Ukiyaweka haya kando ya Rong Khun utaona mstari uko wapi. Superman akikaa upande wa Mara, sawa. Sura ya Buddha mwenyewe, au ya watawa wake, ikiguswa, watu wanasimama. Huu ni mtazamo wangu, lakini sijaona kisa kilichoupinga.

Wanawake wanachora?

Wanachora, na hawakukaribishwa. Mahekalu kadhaa ya kaskazini hadi leo yana kibao mlangoni kinachowazuia wanawake wasiingie majumba fulani. Kichwa ni kitu cha heshima kwa Mthai. Sasa fikiria mwanamke juu ya jukwaa la kuchorea, watawa wakiwa chini yake.

Phaptawan Suwannakudt alifunzwa na baba yake, Paiboon Suwannakudt, fundi mkubwa wa kuta. Baba alipofariki mwaka 1982 kikundi kilibaki bila kiongozi na kazi haijaisha, na binti akashika. Aliongoza mafundi hao kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Sydney, Australia, mwaka 1996. Kazi zake za huko huzikuti kwenye ukuta wa hekalu, bali kwenye turubai na karatasi, na mara nyingine zimening'inizwa katikati ya chumba upite kati yake. Lakini ule mstari wa pembepembe unaotenga kisa na kisa, bado unauona.

Siku hizi si tunapiga picha za kidijitali tu, mambo yakaisha?

Pigeni, tena haraka. Mkoani Nara, Japani, jumba la dhahabu la hekalu la Horyu-ji liliungua tarehe 26 Januari 1949, katikati ya kazi ya kunakili michoro yake ya zaidi ya miaka elfu. Bila picha zilizopigwa mwaka 1935, nakala zilizotengenezwa 1967 na 1968 zisingekuwa na cha kutegemea. Japani ilitunga sheria yake ya kulinda mali za utamaduni mwaka 1950 kutokana na moto ule.

Ila picha haimfundishi mtu kudunda gamba la mlangilangi.

Nani mwingine wa kumfuatilia?

Chakrabhand Posayakrit, kwa kuta za Wat Tri Thotsathep, Bangkok: laini, tulivu, hazipigi kelele kabisa. Ukichoshwa na Chalermchai, nenda kwake.

Niko Afrika Mashariki, au Uingereza. Nitaona wapi?

Dar es Salaam ina hekalu la Kibuddha tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Ni mahali pazuri pa kuijua dini yenyewe, lakini usiende ukitarajia kuta za Kithai. Aliye Uingereza aende Wimbledon, bure.

Viatu vua mlangoni. Mabega na magoti yafunikwe. Ukikaa, kunja miguu nyuma, nyayo zisimwelekee Buddha. Mwanamke asimguse mtawa wala kumpa kitu mkono kwa mkono. Usiguse ukuta, hata kwa ncha ya kidole, hata kama kipande kimenyanyuka na kinakuwasha ukirudishe. Rong Khun hawaruhusu kupiga picha ndani. Kwingine uliza, na flashi uizime. Na kama kuna mtu anafagia, mwulize pembe ipi ya chini anaipenda.